Maji Yasirudi Nyuma

Nchi ile ina jina, ila jina lenyewe lilipelekwa kwenye kamati ya uhakiki mwaka juzi na mpaka leo halijarudi, maana kurudi ni kosa, kama mtakavyosikia. Ilikuwa nchi nzuri tu. Ilikuwa na mto mmoja mpana wa tope, mji mkuu mmoja, na Rais mmoja, ambaye wananchi walimwita Mtukufu Kiongozi wa Mbele. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwaongoza kwenda mbele. Hakuna aliyekuwa na hakika wanakwenda wapi, lakini bendi ilikuwa inapiga na mwendo ulipendeza.

Katika mji mkuu huo alikuwepo fundi wa maji mmoja, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, jina lake Tunu Mkavale. Alikuwa mfupi, mwenye mikono ya nguvu, na sauti ambayo pampu zikinguruma zote nne bado ungemsikia akiuliza nani kachukua bisibisi yake. Kazi yake ilikuwa kutunza chujio.

Chujio lenyewe halikuwa la kitambaa kama lile la chai. Lilikuwa mtambo uliojaa nyuzi elfu tisa za utando, nyembamba kama tambi, zenye uwazi katikati. Maji ya mto, yenye rangi ya kahawa ya maziwa, yalivutwa kupita kwenye ngozi ya nyuzi hizo. Tope likabaki nje, maji safi yakaingia ndani na kwenda mjini. Bila shaka tope hilo halikukaa nje kwa adabu. Liling'ang'ania nyuzi kama uji uliokaukia sufuriani. Ndiyo maana kila baada ya nusu saa Tunu alibonyeza kitufe, na kwa sekunde sitini maji safi yakasukumwa kinyumenyume, kutoka ndani kwenda nje, yakalibandua tope na kulitupa kwenye bomba la uchafu. Na kila mwezi alizilowesha nyuzi kwenye klorini, kisha kwenye asidi ya limau, akazisuuza mpaka zikawa nyeupe. Alikuwa akizisemesha wakati wa kuzisuuza. "Haya wanangu, geuza shingo, geuza na huku." Mtambo ulimpenda, kama mtambo unaweza kupenda.

Basi, katika sherehe za mwaka wa kumi na tisa, Mtukufu alisimama jukwaani akatoa Tangazo la Mwelekeo. "Kuanzia leo," alisema, "hakuna kitu chochote, kiwe hai au mfu, kiwe cha serikali au cha mtu binafsi, kitakachorudi nyuma katika nchi hii!" Watu walipiga makofi dakika ishirini na mbili, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Wasaidizi wake walilichukua tangazo kwa uzito wote. Walimu wa hesabu waliacha kufundisha kutoa, wakabaki na kujumlisha peke yake. Wachezaji wa mpira walikatazwa kumrudishia kipa mpira, na makipa wakawa wapweke. Kaa wa mtoni walikamatwa kwa wingi, lakini wakaachiwa kwa onyo baada ya wakili wao kuthibitisha kwamba wanakwenda kando tu. Na neno lenyewe, "nyuma", likafutwa kwenye kamusi. Mtu akilihitaji sana aliruhusiwa kusema "mbele ya upande ule mwingine".

Wiki moja baada ya tangazo, mtamboni alifika Mkaguzi wa Mwelekeo.

Aliitwa Amosi Ndilanha. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia yenye mshale na filimbi shingoni, na alikuja na kiti chake mwenyewe. Alikiweka mbele ya bomba kubwa, akaketi, akafungua daftari. Maji yakapita kwenda mbele. Akaandika. Yakapita tena kwenda mbele. Akaandika tena. Kisha nusu saa ikatimia, Tunu akabonyeza kitufe.

Filimbi ikalia kama mechi imeisha.

"Fundi! Maji yanakwenda wapi hayo?"

"Yanaosha chujio, Bwana Mkaguzi."

"Sijakuuliza yanafanya nini. Nimeuliza yanakwenda wapi."

Tunu aliangalia bomba, akamwangalia mkaguzi. "Yanakwenda mbele ya upande ule mwingine."

"Nilijua!" Amosi alisimama kwa huzuni ya mtu aliyelazimika kufumania. "Maji ya serikali! Yaliyotoka mtoni kwa hiari yake, yakafika hapa salama, leo yanakata tamaa na kugeuka!"

"Hayajakata tamaa, baba. Yasipogeuka, tope litaziba nyuzi. Tope likiziba, maji hayapiti. Maji yasipopita, mji unakauka. Sekunde sitini tu."

"Sekunde sitini za usaliti ni usaliti," alisema Amosi. Akatoa nta na mhuri, akakiziba kitufe.

Katika mtambo kulikuwa na geji ya kupimia shinikizo, yenye sindano na rangi tatu: kijani, manjano na nyekundu. Siku ya kwanza sindano ilikaa kijani. Siku ya pili ikaingia manjano. Siku ya nne mabomba ya mjini yalianza kukohoa. Asubuhi ya siku ya tano simu ya Tunu ililia. Alikuwa Sista Edina, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, iliyokuwa juu kabisa kilimani ambako maji hufika mwisho.

"Dada Tunu, leo nina watoto wachanga saba na nusu ndoo ya maji. Niwaogeshe kwa zamu ya nani?"

"Nipe siku moja, Sista."

"Nikupe siku moja, na watoto wanakuja kila saa? Hao hawajasikia tangazo lolote. Mmoja jana katanguliza miguu."

"Usimwandike popote," alisema Tunu haraka. Akavaa gauni lake la heshima na kwenda wizarani.

Waziri wa Maji na Mtiririko wa Kizalendo, Mheshimiwa Dokta Burhani Lukololo, alimpokea vizuri sana. Alimsikiliza akiwa amefumba macho, na Tunu alipomaliza aliendelea kuyafumba kwa muda, kisha akashtuka.

"Hizo nyuzi," aliuliza, "ni elfu tisa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Zimeelimishwa?"

"Samahani?"

"Zimeelezwa dira ya taifa? Kwa sababu mimi nionavyo, mama, tatizo hapa ni uelewa. Uzi ukielewa unakokwenda hauwezi kuziba."

Mchana huohuo iliundwa Kamati ya Kitaifa ya Kuliamsha Chujio, yenye wajumbe kumi na mmoja na dereva. Kesho yake walikwenda mtamboni wakalisomea chujio hotuba ya kurasa arobaini. Sindano ikapanda. Wakaleta kwaya ya wizara, ikaliimbia chujio wimbo wenye beti kumi na nane, huku soprano wakielekezwa kwenye vali. Sindano ikafika kwenye nyekundu na kutetemeka. "Unaona?" alisema Waziri. "Limeguswa!"

Tunu hakuwa na hamu ya kubishana. Alimfuata Waziri hadi ofisini kwake kumwomba tena, na hapo ndipo alipoona jambo. Katibu muhtasi aliingia na sinia la chai, akaliweka mezani. Ukutani, juu ya kichwa cha Waziri, ilikuwepo picha kubwa ya Mtukufu yenye fremu ya dhahabu. Katibu muhtasi aliinama kidogo, kisha akaanza kutoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka kisogo chake kikagonga mlango kwa ustadi wa mazoea.

"Mheshimiwa," alisema Tunu polepole, "huyu binti ametoka kwa mtindo gani?"

"Kwa heshima, bila shaka. Hakuna anayempa mgongo Mtukufu, wala picha yake. Sheria ya Heshima, kifungu cha sita. Ni ya zamani kuliko Tangazo."

"Kwa hiyo mtu akiwa mbele ya picha, anaruhusiwa kwenda mbele ya upande ule mwingine?"

"Haruhusiwi. Analazimika!"

Tunu alishukuru, akainama, akatoka kinyumenyume naye, akagonga mlango, akaenda moja kwa moja dukani kununua picha.

Mchana wa siku hiyo aliitundika picha ya Mtukufu mtamboni, mkabala na bomba kubwa. Amosi aliinuka kitini akasimama wima, kama sheria inavyotaka.

"Bwana Mkaguzi," alisema Tunu, "maji yamefika mbele ya Mtukufu. Je, yampite tu hivi, yampe mgongo?"

Amosi aliangalia picha. Akaangalia maji. Jasho lilianza kumtoka chini ya kofia. Alifungua daftari, akalifunga. Alikuwa mtu mwaminifu, na sheria mbili zilikuwa zinamvuta mikono yote miwili.

"Hayana mgongo," alijaribu kusema.

"Yana mbele?"

"Yana mbele. Lazima yana mbele, ndiyo kazi yangu."

"Kitu chenye mbele hakina mgongo?"

Amosi alitoa kisu mfukoni akabandua nta kwenye kitufe.

Tunu akabonyeza. Maji yakarudi kinyumenyume kwa sekunde sitini, na bomba la uchafu likatapika tope la siku sita. Alibonyeza tena, na tena, jioni nzima. Kisha akaloweka nyuzi kwenye klorini, akazisuuza, akaloweka kwenye limau, akazisuuza. Sindano ikashuka kama mtu anayeketi baada ya safari. Asubuhi Sista Edina alipiga simu, na Tunu hakusikia alichosema kwa sababu ya kelele za maji yaliyokuwa yakijaa kwenye beseni upande wa pili.

Mambo yangeishia hapo, na Tunu alikuwa radhi kabisa yaishie hapo. Lakini Amosi, kwa kuwa alikuwa mwaminifu, aliandika katika ripoti yake: "Maji yapiga saluti mbele ya picha, kila nusu saa." Ripoti ikamfikia Waziri. Waziri akaona ndani yake nishani. Akampelekea Mtukufu.

"Maji yananiheshimu?" aliuliza Mtukufu, na waliokuwepo wanasema macho yake yalilowa. "Mto wenyewe? Nataka kuona."

Ziara ikapangwa. Waziri akahamia mtamboni na wapaka rangi. La kwanza, aliona sekunde sitini za heshima kila nusu saa ni heshima ya rejareja. "Mtukufu apewe heshima ya jumla," aliagiza. "Kitufe kisiguswe siku nane. Maji yalimbikize!"

"Mheshimiwa, kinacholimbikizwa si heshima," alisema Tunu. "Ni tope."

"Mama, acha kudharau malighafi ya taifa."

La pili, Waziri aliona ni aibu heshima itoke kwenye bomba lililojificha uwanja wa uani. Akaamuru bomba la uchafu likatwe, liungwe upya, na mdomo wake uletwe mpaka mbele ya jukwaa lenye zulia jekundu, usawa wa kifua cha Mtukufu, hatua mbili kutoka pale atakaposimama. Mdomo wa bomba ukapakwa rangi ya dhahabu na kufungwa utepe.

Tunu aliandika barua tatu za onyo. Ya kwanza alirudishiwa kwa sababu ilikuwa na neno baya. Ya pili ilipotea. Ya tatu ilijibiwa kwamba imepokelewa, na kwamba anashukuriwa kwa mchango wake.

Siku ikafika. Watu mia tatu walikuja wamevaa sare, bendi, mabalozi, televisheni ya taifa. Sindano ya geji ilikuwa imepita nyekundu na kuegemea msumari unaoizuia mwishoni. Mtambo ulikuwa unatoa sauti ya mtu aliyekula maharage mabichi. Mtukufu alipanda jukwaani akiwa na suti nyeupe, akasimama pale alipochorewa alama, akatabasamu kuelekea bomba la dhahabu.

Tunu alikuwa pembeni, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi kwa amri. Alimwangalia yule mzee. Alikuwa mdogo kuliko picha zake, na kola ilikuwa inampwaya shingoni. Tunu aliona kwamba hatua nne tu zingetosha kumwokoa.

"Mtukufu!" aliita. "Tafadhali, sogea!"

Watu mia tatu walishika pumzi.

"Nisogee wapi, mwanangu?" aliuliza Mtukufu kwa upole.

Neno lilimjia Tunu mdomoni likakwama. Walinzi walikuwa wanamtazama. "Sogea... upande wa mgongo, Mtukufu."

"Mgongo upi?"

"Wa kwako. Sogea mbele ya upande ule mwingine!"

Mtukufu alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayetafuta miwani. Waziri akaingilia kati kwa kicheko. "Anachotaka kusema, Mtukufu, ni usogee mbele, uione heshima kwa karibu."

"Ahaa." Mtukufu akasogea mbele hatua moja. Sasa bomba lilikuwa hatua moja tu kutoka kifuani pake.

"Jamani!" alisema Tunu.

Lakini Waziri alikuwa ameshafika kwenye kitufe. Hakutaka heshima hiyo imwendee fundi. Alibonyeza kwa kidole gumba, akageukia kamera.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha bomba likaguna. Utepe ukavimba. Hapo Tunu hakufikiria tena walinzi wala kamusi. Alijaza mapafu, na kwa sauti ile ya kushinda pampu nne akapiga kelele: "RUDI NYUMAAA!"

Na Mtukufu Kiongozi wa Mbele, mbele ya mabalozi na kamera, akaruka nyuma. Aliruka hatua tano kwa wepesi ambao haukutarajiwa, akavuka kiti chake, na kuketi kwenye mapaja ya kiongozi wa bendi. Tope la siku nane likapita hewani pale kifua chake kilipokuwa. Lilikwenda mbali sana, maana lilikuwa limelimbikizwa vizuri. Liliwapata wajumbe wote kumi na mmoja wa Kamati ya Kuliamsha Chujio, wakiwa wamejipanga kwa urefu. Liliijaza tuba ya bendi. Waziri, aliyekuwa bado anatazama kamera, alilipokea kwa upande.

Mtangazaji wa redio ya taifa alikaa kimya sekunde tatu tu, halafu akasema: "Na sasa, wasikilizaji, Mtukufu amekwenda mbele kwa kutumia mgongo."

Tunu alikamatwa, kisha akaachiwa, kisha akakamatwa tena na mtu ambaye hakuwa na habari kwamba ameachiwa. Siku ya tatu alipelekwa ikulu. Alikuwa amejiandaa kwa mabaya. Alishawaagiza dada zake wakamwagilie bustani.

Mtukufu alikuwa ameketi peke yake kwenye sofa, na pamba katika sikio moja. Tone la tope lilikuwa limempata pale, moja tu.

"Kaa, mwanangu. Nieleze. Lile neno ulilolitumia."

"Nyuma, Mtukufu."

"Nyuma." Alilitafuna polepole. "Fupi hivyo?"

"Herufi tano."

"Nililifahamu nikiwa kijana. Tangu niingie humu hakuna aliyeniambia. Miaka kumi na tisa! Sote tukienda ukingoni mwa shimo, mtu angeniambia nini?"

"Wangekuambia mandhari ni nzuri, Mtukufu."

Mzee alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Wale watu mia tatu pale. Walilijua neno?"

"Walilijua."

"Na walikuwa wanaliona bomba?"

"Walikuwa wanaliona."

"Wangeniacha tu."

Tunu alitaka kumpa jibu la kumfariji, lakini alikuwa fundi, na fundi huzoea kusoma geji ilivyo. "Walikuacha, Mtukufu."

Mzee aliangalia zulia. Kisha akamuuliza Tunu anachohitaji ni nini hasa. Tunu akasema: sekunde sitini, kila nusu saa, na siku moja kwa mwezi ya kuloweka, na mtu yeyote asikiguse kitufe. Mtukufu akaagiza karatasi. Washauri walikuja mbio wakaeleza kwamba Tangazo haliwezi kufutwa, kwa sababu kufuta ni kurudi kule kusikotajwa. Wakashauriana saa mbili. Barua iliyotoka ilisema: "Maji ya mji mkuu yanaruhusiwa kutafakari, kwa sekunde sitini, kila baada ya nusu saa." Mtukufu alisaini bila kucheka, ila alimkonyeza Tunu kwa jicho la upande wenye pamba. Mheshimiwa Lukololo alipewa cheo kipya cha kwenda mbele, mbele kabisa, mpaka kituo cha forodha mpakani.

Tunu alirudi mtamboni siku hiyohiyo. Chujio lilikuwa hoi. Alilirudishia bomba lake uani, akalitafakarisha mara kumi na mbili mfululizo, akazilowesha nyuzi, akazisuuza, akizisemesha. Amosi Ndilanha alikuwa amesimama pembeni na kofia mkononi. Barua aliisoma mara nne.

"Kwa hiyo sasa mimi nakagua nini?" aliuliza.

"Shika ndoo hii, kaka Amosi. Mimina limau taratibu, isikurukie."

Alimimina. Alikuwa na mkono mzuri, kumbe, mtulivu. Sindano iliposhuka hadi kijani alipiga kofi moja bila kujizuia. Kisha akakohoa.

"Fundi, nina jambo binafsi."

"Sema."

Alimwongoza nje, nyuma ya tangi kubwa. Pale, pua imegusa tangi, ubavu mmoja umebana ukuta, kulikuwa na gari la serikali, limejaa vumbi na kinyesi cha njiwa.

"Nililiegesha siku ile ya kwanza nilipokuja," alisema Amosi. "Mbele kulikuwa na tangi. Basi nikawa naja kwa miguu. Miezi miwili sasa. Mke wangu anadhani nimeliuza."

Tunu aliuma midomo mpaka ikamuuma. Akafungua mlango wa dereva, akaufuta usukani kwa mkono wa ovaroli. "Ingia. Unakumbuka gia yake?"

"Nakumbuka iko pale chini. Fundi, na kama ni kosa?"

"Litakuwa linatafakari."

Amosi aliketi, akavaa kofia yake, akaivua, akaitupa kiti cha pili. Injini ilikohoa mara tatu ikawaka. Njiwa wakaruka. Gari likatetemeka, likasita, kisha likaanza kurudi nyuma polepole, sentimita kwa sentimita, huku Tunu akitembea kando na kumwita, "Njoo, njoo, njoo, kata kushoto, njoo," na mkaguzi ndani yake amegeuza shingo, anaangalia anakokwenda, anacheka kwa sauti kama mtu anayeogeshwa.